Tela la Mtumba la Kubebea Gari: Kagua Chini Kwanza

Kaka mmoja alituletea tela hapa karakanani Tabata akiwa ameshalipa nusu ya bei. Dalali alikuwa amemwambia halijachoka, na kwa macho ungekubaliana naye: rangi ya bluu bado inanukia, bati la sakafu jipya, taa za nyuma zinawaka zote. Tukachukua nyundo ndogo tukaanza kugonga chesesi kuanzia mbele. Ngo, ngo, ngo, halafu tulipofika karibu na ekseli sauti ikabadilika: pu. Tukapitisha sumaku. Pale mbele iling'ang'ania chuma, hapa ikadondoka chini. Tukakwangua rangi kwa bisibisi. Chini ya rangi kulikuwa na puti, ile dawa ya kuzibia mashimo ya bodi, nene kama biskuti, na chini ya puti chuma kilikuwa kinapukutika kama majivu ya sigara.

Lile tela lilikuwa la boti. Matela ya boti hurudishwa nyuma hadi ndani ya maji ya bahari ili boti iteremke, na chumvi huingia ndani ya mabomba ya chesesi na kubaki humo. Kutu huanzia ndani kuja nje, kwa hiyo hata ukipaka rangi mara tano, chuma kinaendelea kuliwa. Kisha mtu anachomelea sakafu na rampu mbili juu yake, anapuliza rangi, na tela la boti linauzwa kama tela la gari. Hapa Dar, mji wa pwani, tunayaona mara kwa mara. Ukiambiwa tela lilikuwa la boti, au ukiona mbele pana alama za kile kiti cha mpira ambacho pua ya boti huegemea, gonga kila hatua moja ya chesesi na utie tochi ndani ya mabomba kabla hujataja bei.

Tunaeleza haya kwa sababu wateja wengi wanakuja kwetu baada ya kununua, na wakati huo tunachoweza kufanya ni kuwahesabia hasara. Mnunuzi wa tela la mtumba huangalia vitu vinavyoonekana: sakafu, rampu, rangi, taa. Vyote hivyo fundi mzuri wa kuchomelea anaweza kuvimaliza kwa siku moja au mbili, na vifaa vyake vinapatikana eneo la Gerezani. Unapotoa pesa, unachonunua hasa ni ekseli, chesesi, mkono wa mbele wa kuvutia, breki, na kadi. Tela lenye sakafu iliyooza lakini ekseli nzima ni biashara nzuri. Tela linalong'aa lenye ekseli iliyopinda litakula tairi mpaka uchoke, hata kama ulilipata kwa bei ya kutupa.

Tuanze na uzito, maana ndio unaoamua mengine yote. Chukua Noah, ambayo ina karibu kilo 1,500. Tela la chuma lenye ekseli mbili linaweza kuwa na kilo 800 likiwa tupu. Jumla ni kilo 2,300. Sehemu ya uzito huo, karibu asilimia 10, inatakiwa ilalie nyuma ya gari linalovuta, yaani kilo 230. Zinabaki kilo 2,070 kwa tairi nne, ambazo ni zaidi kidogo ya kilo 517 kwa kila tairi. Sasa inama usome ubavuni mwa tairi. Baada ya saizi utakuta namba kama 82, 91 au 102. Hizo ni namba za uzito: 82 maana yake tairi moja inabeba kilo 475, 91 ni kilo 615, na 102 ni kilo 850. Tela lenye tairi za 82 lililobebeshwa Noah limezidiwa hata kabla halijatoka getini. Litatembea, ndiyo. Litapita Tabata Relini, litapita Ubungo, na wewe utaona mambo ni shwari. Tairi itapasuka Chalinze saa nane mchana, lami ikiwa imechemka.

Ubavuni hapohapo, tafuta namba nne za mwisho kwenye mstari unaoanza na herufi DOT. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukisoma 2314, tairi hiyo ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi za tela huzeeka zikiwa bado na meno, kwa sababu tela hukaa juani miezi bila kutembea. Usidanganywe na meno marefu. Ikunje kwa dole gumba: ukiona mistari midogo ya nyufa kwenye ubavu, hesabu tairi mpya nne ndani ya bei.

Watu hutuuliza kuhusu tela la ekseli moja, kwa kuwa ni la bei nafuu zaidi. Kwa kubebea gari hatulishauri. Hata kwa IST, ambayo ina takriban kilo 1,000, ukiweka juu ya tela la kilo 500 kila tairi inabeba karibu kilo 675, na moja ikipasuka huna nyingine ya kukushikilia. Ekseli mbili zinakupa nafasi ya kusogea pembeni taratibu.

Kukagua ekseli hakuhitaji mashine. Simama nyuma ya tela, chuchumaa, tazama tairi kama unavyomtazama mtu aliyesimama: zimenyooka, au vichwa vimeinamia ndani? Zikiinama, ekseli imepinda. Kisha chukua futi ya fundi na mwenzako. Pima kutoka katikati ya kikombe cha mbele, kile kinachofunikia mpira wa chuma wa gari linalovuta, mpaka mwisho wa ekseli upande wa kulia, halafu mpaka mwisho wa upande wa kushoto. Vipimo vinatakiwa vilingane. Vikipishana kwa sentimita moja au zaidi, tela linatembea kiubavuubavu, na tairi zitaliwa upande mmoja. Piga jeki, shika tairi juu na chini, itikise. Ikicheza, beringi zimechoka au hazijakazwa. Beringi si gharama ya kukutisha, lakini beringi iliyotembea imekauka bila grisi huharibu pia sehemu ya ekseli inayokalia, na hapo gharama inapanda. Njia bora ni kuomba kulivuta tela kilomita kumi hivi, kisha kusimama na kugusa habu, pale katikati ya gurudumu zinapokaa beringi, kwa mkono. Ikiwa ya uvuguvugu, sawa. Ikikufanya uondoe mkono haraka, usiendelee na safari.

Nije kwenye kikombe, na hapa nitasimulia langu. Miaka mingi iliyopita, kabla hatujafungua karakana hii, nilinunua tela kwa mtu aliyenihakikishia kuwa kila kitu kinaingiliana na pikapu yangu. Nikabeba Corolla mbovu kutoka Chalinze kuja mjini. Tulipofika maeneo ya Kibaha nikapita kwenye tuta, si kwa kasi, nikasikia kishindo nyuma kisha kelele za chuma kinachosugua lami. Kikombe kilikuwa kimeruka kutoka kwenye mpira wa chuma. Kilichozuia tela lisiingie upande wa pili wa barabara ni cheni ya usalama, ambayo nilitaka kuiacha asubuhi ile kwa kuwa ilikuwa imejaa kutu na ngumu kufunga. Upande wa pili palikuwa na basi.

Tulipopima baadaye tukagundua kuwa kikombe kilikuwa cha inchi 2, yaani milimita 50.8, na mpira wa gari langu ulikuwa wa inchi 1 na 7/8, milimita 47.6. Tofauti ni milimita tatu na kidogo. Ukifunga, kinashika. Ukitikisa kwa mkono, huoni kitu. Mpaka tuta. Matela ya Ulaya na ya Afrika Kusini hutumia mpira wa milimita 50, ya Marekani mengi ni inchi 2, na yale mazito ya Marekani hutumia inchi 2 na 5/16. Saizi huwa imegongwa kwenye kikombe na juu ya mpira wenyewe. Zisome zote mbili. Kama zimefutika, pima kwa kaliba, au uje tukupimie bure. Baada ya kufunga, weka jeki chini ya mkono wa mbele na uinue: gari linatakiwa lipande pamoja nalo. Kikombe kikichomoka, bora kichomokee hapo gereji.

Cheni ziwe mbili, zipishane chini ya mkono wa mbele, moja kwenda kulia na nyingine kushoto, ili mkono ukianguka ulalie juu ya cheni na usichimbe lami.

Breki. Ulaya, tela linaloruhusiwa kufikia uzito wa zaidi ya kilo 750 kwa jumla lazima liwe na breki zake lenyewe. Sisi tunabeba mara tatu ya hapo na kuna watu wanavuta bila breki yoyote, wakitegemea breki za gari la mbele tu. Ndani ya mji unaweza kuponea. Ukiteremka mlima Kitonga na Noah mgongoni, hapana. Breki za aina iliyozoeleka hufanya kazi kwa msukumo: gari likipunguza mwendo, tela linausukuma mkono wa mbele, nao unavuta kebo. Ukiinua tairi kwa jeki na kuvuta hendibreki ya tela, tairi inatakiwa ikatae kuzunguka. Baadhi ya matela ya Marekani yana breki za umeme, nazo zinahitaji kisanduku cha kuziendesha karibu na dereva. Bila kisanduku hicho, hizo breki ni mapambo.

Mkono wa mbele, pale unapoungana na chesesi, ndipo nyufa huanzia. Matuta yetu yanapapiga hapo kila siku. Piga brashi ya waya, tazama pembeni mwa uchomeleaji. Ukiona mstari mwembamba wa kutu ya rangi ya chungwa unaofuata ukingo wa weldi, huo ni ufa, na anayeuza akisema ni mkwaruzo mwombe akubali upige grainda kidogo. Ufa mmoja unaweza kuchimbwa na kuchomelewa upya na kuwekewa pleti. Ukiona pamechomelewa mara tatu juu ya ilipochomelewa zamani, achana nalo.

Sakafu, rampu, winchi, mikanda ya kufungia: haya tutayamaliza sisi. Pima tu upana wa ndani kati ya madigadi. IST ya kizazi cha kwanza ina upana wa karibu mita 1.70 na haina shida, lakini Harrier ya kizazi cha pili ina karibu mita 1.85, na tumeshamwona mtu akinunua tela ambalo Harrier haipandi.

Kadi ni jambo fupi lakini usilirukie. Tela lina namba yake na kadi yake ya TRA, tofauti na gari linalolivuta. Tafuta namba iliyogongwa kwenye chesesi, ilinganishe na kadi, na jina la kwenye kadi lilingane na kitambulisho cha anayekuuzia. Ukiambiwa "kadi ipo kwa mzee Mbeya, itakuja", pesa nayo ibaki kwako mpaka kadi ije. Uliza pia wakala wako wa bima kama tela linahitaji bima yake.

Ukishakagua hivyo, bei inajihesabu yenyewe. Chukua karatasi, andika anachotaka muuzaji, ongeza tairi nne kama zimezeeka, beringi, kebo za breki, kikombe kipya, siku mbili za fundi. Mwonyeshe muuzaji karatasi hiyo. Muuzaji mkweli atashuka, maana anajua unachokiona ni kweli. Yule kaka wa tela la bluu alirudi kwa dalali na vipande vya puti kwenye mfuko wa rambo. Walibishana karibu saa nzima, lakini ile nusu ya bei aliyolipa alirudishiwa.

Kama una tela unalolifikiria, tunakwenda nawe kulikagua popote ndani ya Dar, Kigamboni mpaka Bunju, na tunakuandikia tulichokiona ili uende nacho kwenye mazungumzo ya bei. Njoo na gari litakalovuta, si picha yake, kwa sababu tunahitaji kupima mpira wa nyuma na kusoma uwezo wake wa kuvuta. Asubuhi kabla ya saa mbili ni bora zaidi, barabara ya Mandela ikiwa haijafunga kwa foleni.