Kadi iko mfuko wa zipu

Mwanangu,

Kesho saa kumi na moja asubuhi napanda gari ya Kitui, matanga ya anko wako, nakuachia mama na mambo ya mionzi anayochomwa kifuani. Kadi ya pesmeka, kile kidude kinachosaidia moyo wake kupiga, nimeiweka kwa mkoba wake mweusi, mfuko wa zipu. Usitoke nyumbani bila hiyo kadi.

Najua utasema baba ushaniambia. Kila siku, hata ukipata kijana wa mashine ni yule wa jana, mwambie mama ana pesmeka, iko kushoto. Na upande unaochomwa ni huo huo wa kushoto, ndio maana silali. Ule mwale wa mionzi haufai kuipiga pesmeka moja kwa moja hata kidogo. Daktari alinichorea kwa karatasi, kwamba kwa hizo siku 15 mama atachomwa grei 40, grei ni kipimo cha mionzi, lakini itakayofika kwa pesmeka kwa hesabu yao haifiki 2, na mwongozo wa Marekani wa 1994 ulikuwa unasema isipite 2, ule wa 2019 ukapandisha hadi 5, kwa hivyo hawaihamishi kulia. Mashine wataitumia kwa nguvu ya megavolti 6, ikipita 10 inatoa nyutroni, chembe ndogo sana, na hizo ndizo huvuruga kile kidude mpaka kijiseti upya chenyewe.

Uliza pia mtu wa pesmeka anarudi lini na kompyuta yake, alimpima kabla na lazima ampime tena. Mama akisikia kizunguzungu mle ndani ainue mkono, wanamwona kwa kamera. Atakwambia "niko sawa tu", unamjua.

Ile fomu ya kwanza ni mimi nilijaza. Pale pa kifaa mwilini nilipita tu, si nilidhani wakijua watamnyima matibabu. Nesi ndiye aliona kile kitu kama kiberiti chini ya ngozi, karibu na bega, akanitazama. Wewe ungeisoma vizuri, hapo nakupa, lakini ungekuwa unapiga simu hata Jumapili tungejaza pamoja.

Gesi inaisha, tingisha mtungi utasikia. Maji ni Jumatano, jaza pipa mapema kabla wale wa juu hawajamaliza. Tokeni za stima nimekutumia kwa simu. Kifuani asipake losheni yoyote mpaka muulize.

Kadi, mfuko wa zipu. Na unipigie akitoka tu kwa mashine, usingoje jioni.

Baba yako