Konea na lenzi: mgonjwa aelezwe kabla ya kutia sahihi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu kauli inayosikika sana hapa Lamu, kwamba mwenye kovu kwenye konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, na mtoto wa jicho, yaani ukungu kwenye lenzi iliyo nyuma yake, kwa pamoja ni heri amaliziwe yote siku moja, kwa kuwa safari ni ndefu na fedha ni haba.

Mjomba wangu, fundi wa majahazi wa Matondoni, alirukiwa jichoni na kibanzi cha mti; kidonda kikaacha kovu jeupe, na baadaye mtoto wa jicho akaota humo humo. Alipopandikizwa konea, aliwekewa na lenzi ya bandia katika operesheni hiyo hiyo. Leo anaona, alhamdulillahi, lakini bila miwani mizito haoni msumari anaoupigilia, na hakuna aliyemwambia mapema kwamba huenda ikawa hivyo.

Lenzi huchaguliwa kwa hesabu: daktari hupima urefu wa jicho na mpindo wa konea, kisha hutafuta nguvu ya lenzi inayolingana navyo. Sasa, konea yenye kovu haipimiki vyema, nayo ndiyo inayoondolewa; mpindo wa ile mpya, iliyoshonwa kwa nyuzi nyembamba kuliko unywele, hautulii mpaka nyuzi zitolewe, na mara nyingi hilo huchukua mwaka au zaidi. Anayeweka lenzi siku hiyo hiyo hukadiria tu, pengine kwa vipimo vya jicho la pili. Mjomba mwenyewe husema ni kukata tanga kabla ya kusimamisha mlingoti. Isitoshe, mtoto wa jicho akitolewa kupitia tundu la konea, jicho hukaa wazi muda mrefu zaidi, na hatari ya damu kuvuja kwa nyuma huongezeka.

Hata hivyo, sisemi kila mtu angoje. Seli za upande wa ndani wa konea, zinazosukuma maji nje ili ibaki angavu, hazizaliwi upya. Operesheni ya pili huua baadhi yake, na konea ya kupandikizwa haina akiba kubwa. Tena matone ya steroidi yanayozuia mwili kuikataa konea huharakisha mtoto wa jicho, kwa hiyo aliyeachwa leo akiwa mchanga huenda akakomaa upesi. Na pale linapobadilishwa tabaka la ndani pekee, mpindo haubadiliki sana, hivyo kuunganisha kazi mbili huwa na mashiko zaidi. Kwa mtu wa Kiunga au Faza, anayepanda boti kabla hajaliona basi la Mombasa, safari moja badala ya mbili si jambo dogo.

Ninachoomba ni kwamba madaktari wamweleze mgonjwa, kwa Kiswahili na kabla hajatia sahihi, njia ipi imechaguliwa, kwa nini, na miwani gani aitarajie. Pia kaunti ipange ukaguzi wa nyuzi ufanyike hapa hapa Lamu, kwani uzi uliolegea huweza kuleta maambukizi au kuufanya mwili uikatae konea, na mwenye jicho jekundu linaloumizwa na mwanga hawezi kungoja apate nauli ya Mombasa.

Mpwa wa fundi,
Langoni, Lamu