Alfa ya Nakuru msiicheke

Mhariri, hapa Nakuru kuna Alfa Romeo Spider inauzwa, ile ya Italia ya kufungua paa, na vijana kazi yao ni kuicheka eti mkebe wa mzee. Hii modeli ilianza 1966 na ikaundwa mpaka miaka ya tisini, injini ni ya aluminiamu, na kuleta nyingine kutoka nje si rahisi maana gari ikipita miaka 8 serikali hairuhusu iingie. Mimi nililala chini na tochi nikagonga-gonga chini ya milango, kutu hakuna, turubai ya paa haijapasuka, sasa wanataka nini tena? Bei iko juu kidogo, na spea, hapo utangoja sana. Mwenye pesa aende na fundi wake, tena aende mvua ikinyesha ndio ajue kama inavuja.