Risala ya Umoja wa Wanafunzi Wakristo kwa Mgeni Rasmi, Mahafali ya Kidato cha Sita, Bagamoyo

Mheshimiwa Mgeni rasmi, Mama yetu Wakili. Mkuu wa Shule. Mlezi wa Umoja. Baba Paroko pamoja na Wachungaji mlioitikia mwaliko. Wazazi na walezi. Wahitimu, ambao leo ndio wenye shughuli. Nanyi majirani zetu Waislamu mliokuja kula pilau pamoja nasi: Bwana Yesu asifiwe! Tumsifu Yesu Kristo! Asalaam aleikum!

Tunakushukuru, Mama, kwa kukubali kuja. Umetoka Dar es Salaam alfajiri, na foleni ya barabara ile haijui kama mtu ni mwanafunzi au wakili. Karibu nyumbani, maana nawe ulikuwa mwanaumoja.

Umoja wetu bado ni ule ule uliouacha. Wamo Wakatoliki, Waanglikana, Walutheri, Wasabato na Wapentekoste, na ubishi wa nani aongoze sala haujaisha. Tunakutana Jumatano baada ya michezo na Jumapili jioni. Kwaya ipo, ziara za kuona wagonjwa zipo, na hesabu za michango zimo kwenye taarifa ya katibu utakayokabidhiwa. Hatutakuchosha nazo.

Mheshimiwa Mgeni rasmi, kaulimbiu ya mahafali haya ni kumtegemea Mungu na kumshuhudia Kristo wakati wa mateso. Ilipopendekezwa, baadhi yetu walicheka. Sisi tunajua nini kuhusu mateso? Katiba ya nchi yetu, ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa imani, pamoja na uhuru wa kubadilisha dini. Tunaimba kwa sauti hadi jirani analalamika, na hakuna anayetukamata. Aliwahi hata kusimama mwenzetu akatoa ushuhuda kwamba kikundi chake kimeteswa kwa ajili ya Kristo, kwa kuwa kilikesha kikiomba kisha kikapewa adhabu ya kufyeka uwanja. Tulimjibu kwa upendo kwamba walifyeka kwa sababu walitoroka prepo, kipindi cha kujisomea usiku. Mtume Petro alishaonya kwamba mtu asiteswe kwa uovu wake, wala kwa kujiingiza katika mambo ya watu wengine, kisha akajihesabu shujaa wa imani.

Hata hivyo kaulimbiu ilipita, na sababu kubwa ni mji huu wenyewe. Mwanafunzi wa Bagamoyo hupita kila siku kwenye historia bila kuitazama. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu waliweka misheni hapa mwaka 1868, wakajenga kijiji cha watumwa waliokombolewa. Msalaba upo ufukweni, miembe ipo, na makaburi yapo. Ukisoma majiwe ya makaburi hayo utaona kwamba wengi walikufa wangali vijana, kwa homa.

Mwaka 1888 ikazuka Vita ya Abushiri, watu wa pwani wakiipinga Kampuni ya Wajerumani iliyokuja kuwatawala na kuwatoza. Mji uliungua. Wakazi kwa maelfu, wengi wao Waislamu, walikimbilia misheni, na misheni haikuguswa. Tunapenda kuisimulia habari hiyo kama ushuhuda: waliomtegemea Mungu, Mungu akawalinda. Ni habari nzuri, ila ina nusu ya pili ambayo hatuisimulii sana. Tarehe 13 Januari 1889, katika vita hiyo hiyo, misheni ya Wabenediktini kule Pugu ilivamiwa. Wamisionari waliuawa, wengine wakachukuliwa mateka, majengo yakachomwa.

Je, wa Pugu walikuwa na imani ndogo? Tuliuliza swali hili Jumatano moja na kikao kikakataa kuisha. Aliyetusaidia alikuwa mwalimu wa historia, ambaye wala si mwanaumoja. Alituambia tutazame watu walikuwa nani. Mapadri wa Bagamoyo walikuwa wengi wao Wafaransa, nao walikwisha kukaa na watu miaka 20, wakiwatibu na kuwazika. Wa Pugu walikuwa Wajerumani waliofika mwaka 1888, mwaka ule ule ambao kampuni ya kwao ilipandisha bendera pwani. Aliyeshika bunduki hakuona tofauti kati ya kanzu na bendera. Tangu siku hiyo tuna tahadhari na ushuhuda wa aina ya "niliomba, nikapona". Na ambaye aliomba asipone je? Tunaamini naye alikuwa mikononi mwa Mungu yule yule, na hatuna maelezo zaidi ya hapo.

Jambo la pili la mji huu ni njia ya misafara. Mwaka 1878 mapadri wa kwanza wa shirika la Kikatoliki la White Fathers waliokwenda Buganda, katika Uganda ya leo, walianzia safari yao hapa Bagamoyo. Padri Lourdel alifika kwa Kabaka Mutesa mwaka uliofuata, akakuta Waanglikana wamemtangulia, na madhehebu yakaanza kubishana mbele ya mfalme kama sisi tunavyobishania zamu ya sala. Miaka saba baadaye, tarehe 3 Juni 1886, vijana wa Kikatoliki na wa Kianglikana walichomwa pamoja Namugongo kwa amri ya Kabaka Mwanga. Moto haukuuliza dhehebu. Kizito, mmoja wa vijana hao, alikuwa na umri wa miaka kama 14, yaani sawa na mdogo wetu wa kidato cha kwanza au cha pili, yule tunayemtuma maji.

Na kwa kuwa majirani zetu mko hapa, tuseme pia kile ambacho hakisemwi sana makanisani: miaka kama kumi kabla ya hapo, Mutesa aliwaua Waislamu wa Buganda ambao walikataa kumtii mfalme katika jambo la dini yao. Damu ya imani katika nchi ile ilianza kumwagika kabla ya Kizito.

Mheshimiwa Mgeni rasmi, sasa tuje kwetu. Miongoni mwa wahitimu walioketi mbele yako yupo dada yetu mmoja. Ametupa ruhusa ya kusema habari zake bila jina. Alipokuwa kidato cha tano aliamua kubatizwa. Mlezi wake akamwambia achague ubatizo au nyumba. Dini ya mlezi hatutaitaja, maana haina uzito hapa. Tumeona pia mabinti wa Kikristo wakifukuzwa kwa kuhama dhehebu tu. Ada ya kidato cha tano na cha sita serikali imeifuta, lakini mwanafunzi wa bweni bado anahitaji godoro, sabuni, na mahali pa kwenda shule ikifungwa.

Aliyempokea hakuwa mwanaumoja, wala mchungaji, wala mzazi wa Kikristo, na hilo limetuuma kidogo. Alikuwa bibi mmoja wa Kiislamu wa Magomeni ya hapa Bagamoyo, muuza vitumbua, ambaye dada yetu alizoea kununua kwake. Siku shule ilipofungwa alimkuta amekaa na sanduku lake kituoni, hana basi analosubiri. Alipojaribu kueleza mambo ya ubatizo, bibi alimkatiza: "Mjukuu wangu, mimi sijakuuliza unamwomba nani. Nimekuuliza umekula?"

Likizo moja iliangukia Ramadhani. Wakawa wanaamka pamoja usiku, bibi kwa daku, mjukuu kwa sala. Dada yetu alimtekea maji ya udhu na kumsaidia kutwanga mchele wa vitumbua vya futari. Hakuhubiri. Kisha jioni moja, karai likiwa jikoni na mafuta yamechemka, bibi mwenyewe akauliza: "Hebu niambie, huyo Yesu alikupa nini hata ukakubali kufukuzwa?" Akajibu. Vitumbua viwili viliungua akijibu, na bibi hakumkaripia. Bibi hajabadilisha dini na hakuna aliyemtaka abadilishe. Lakini aliuliza, akajibiwa kwa upole, kama Petro huyo huyo anavyotaka tuwajibu wanaotuuliza habari za tumaini letu. Kwa maoni yetu huo ndio ushuhuda uliosomeka zaidi katika miaka miwili ya uongozi huu, kuliko mikutano yote ya vipaza sauti tuliyoiandaa. Mihadhara ya kukashifu vitabu vya wenzetu tumeipiga marufuku, na waliokasirika wamekwisha kuzoea.

Wapo watakaosema hadithi ya bibi ni ya mji mtulivu. Basi wakumbuke basi la Mandera, Kenya, Desemba 2015. Al-Shabaab walilisimamisha karibu na El Wak wakataka Wakristo watengwe. Abiria Waislamu wakakataa, wanawake wakawagawia wenzao hijabu, wakawaambia wauaji wawaue wote au wawaache wote. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi, akafariki mwezi uliofuata. Aliyetegemea Mungu ndani ya basi lile alijibiwa kwa mkono wa jirani wa dini nyingine, nasi tunaona jibu kama hilo linatudai heshima.

Mama, baada ya hayo tuna maombi, maana risala bila maombi haijawahi kusomwa Tanzania.

La kwanza, tunaomba Jumamosi moja ya muda wako uje utufundishe ibara ile ya 19, na nini mwanafunzi afanye anapofukuzwa nyumbani kwa ajili ya imani, awe Mkristo au Mwislamu. Tutaalika shule nzima.

La pili, mfuko mdogo wa likizo kwa wasio na pa kwenda. Tumeanza kuchanga, tunaomba utuunge mkono kwa kadiri utakavyojaliwa.

La tatu ni gumu zaidi. Mlezi wa dada yetu alialikwa leo, hajafika. Tunaomba umtembelee. Uende kama mama, na barua ya kiwakili ibaki kwenye mkoba. Dada yetu hamdai kitu. Amesema anataka tu aruhusiwe kumsalimia siku za sikukuu, zake na zao.

Maspika tulitaka kuyaomba, Mlezi wa Umoja akatukataza. Mkeka huu wa ukindu umesukwa na bibi wa Magomeni, ambaye ameketi mstari wa pili kutoka nyuma. Tunaomba yeye mwenyewe aje akukabidhi.

Ni sisi wanaumoja, kwa niaba ya wahitimu wa kidato cha sita. Ahsante kwa kutusikiliza.