Jamani wimbo uachwe uishe

Shosti wangu,

Mambo? Uliniuliza siku hizi naangalia nini nikakutumia vikatuni vya kulia tu, sasa ngoja nikuandikie vizuri maana mambo ni mengi na meseji hazitoshi. Nimezama kwenye dokumentari za muziki, hasa zile za matamasha ya zamani, na kila nikimaliza moja natamani ungekuwepo tubishane.

Naanza na Amazing Grace ya Aretha Franklin, yule mwimbaji wa soul wa Marekani, na hii usipoiangalia tutagombana kweli. Ni Januari 1972, kanisa la kawaida tu huko Los Angeles, anarekodi albamu ya injili kwa usiku mbili mbele ya waumini, mchungaji na mwimbaji wa injili James Cleveland yuko kwenye piano na kuongoza ibada, kwaya nyuma yao, basi. Hamna mtu anaketishwa kwenye kiti kuja kukuelezea huyu dada ana kipaji gani, unamsikia mwenyewe. Na Aretha mwenyewe haongei, yaani muvi nzima maneno yake unaweza kuyahesabu, akifungua mdomo ni kuimba. Jasho linamtiririka mpaka shingoni, usiku wa pili baba yake anainuka anaenda kumfuta uso huku yeye yuko kwenye piano anaimba, na wala hakatishi! Na usiku wa kwanza, wanapofika kwenye ule wimbo wenye jina la muvi, Cleveland anashindwa kuvumilia, anaacha piano anakaa pembeni anafunika uso analia. Mimi hapo nilikuwa nshalia kabla yake. Kamera haiondoki, wimbo unaenda dakika zaidi ya kumi na hakuna anayeukata.

Unajua kwa nini ilichelewa? Waliopiga picha, wakiongozwa na Sydney Pollack ambaye ni mwongozaji mkubwa kabisa, hawakugonga kile kibao cha kuanzia kila shoti, kwa hiyo picha na sauti zikashindikana kuoanishwa. Albamu ikatoka mwaka uleule ikauza zaidi ya milioni 2, ila muvi ikabaki stoo mpaka kompyuta zikaweza kuiunganisha. Na hata hapo Aretha mwenyewe akaenda mahakamani kuizuia, ikaja kuonyeshwa mwishoni mwa 2018, miezi michache baada ya yeye kufariki, familia ikiwa imekubali. Hili linanisumbua aisee. Nimeipenda sana ile muvi na ningeumia kama isingetoka, lakini mtu alisema hapana akiwa hai, na hapana yake ilikuwa na uzito. Niambie wewe unaonaje, nataka jibu refu.

Afu nikaangalia Summer of Soul ya Questlove, yule mpiga drams wa The Roots, ya 2021, ile iliyopata Oscar. Tamasha la Harlem, New York, 1969, la bure, watu kama laki tatu kwa jumla wamejaa kwenye bustani Jumapili baada ya Jumapili, na mkanda wote ukakaa chini ya nyumba ya mpigaji picha, Hal Tulchin, miaka karibu 50 kwa sababu hakuna aliyetaka kuununua. Hela za taa hawakuwa nazo, kwa hiyo jukwaa walilielekeza magharibi ili jua ndio liwe taa, ndio maana rangi za nguo zinawaka vile! Stevie Wonder ana miaka 19 anakaa kwenye drams anazichapa kama amezaliwa nazo, na hapo ndipo nikaanza kukasirika, maana kabla hujashiba sauti ya mtu inaingia kukueleza mambo ya 1969. Najua historia inahitajika, wengine hawajui kabisa ilikuwaje, ila mwacheni mtoto amalize kupiga! Kinachonituliza ni kwamba walipofika kwa waimbaji wa injili Mahalia Jackson na Mavis Staples walikuwa na adabu. Mavis anasimulia Mahalia alivyomwambia hajisikii vizuri, amsaidie kuanza, binti anaanza, halafu mama mtu mzima anachukua maiki, wanapokezana, na ile sauti siwezi kukuelezea, sijui mwili wa binadamu unaitoa wapi. Maelezo niliyoyakubali bila shida ni ya Marilyn McCoo na Billy Davis, waimbaji wa kundi la The 5th Dimension, wakijiangalia walivyokuwa vijana, machozi yanawatoka, hapo hata wasingesema kitu ningeelewa.

Soul Power sasa. Kinshasa, Septemba 1974, lile tamasha lililopangwa liendane na pambano la Ali na Foreman, Foreman akachanika juu ya jicho mazoezini, ngumi zikasogezwa hadi 30 Oktoba ila wanamuziki walishapangwa wakapiga hivyohivyo. James Brown ni moto, sawa, Makeba kama kawaida yake, lakini aliyenimaliza ni Bill Withers, amekaa peke yake na gita, uwanja mzima kimya, anaimba taratibu kabisa. Nimerudia hicho kipande mpaka majirani wamekijua. Ila nina kinyongo, na nakisema wazi, Franco na Tabu Ley walipiga kwenye lile tamasha, nyumbani kwao, halafu muvi muda mwingi imewapa wageni. Wenyeji ilibidi wasubiri albamu iliyotoka 2017 ndio wasikike vizuri. Itafute hiyo albamu shosti, picha haina lakini gita za mle zitakuinua kwenye kiti.

Get Back ya bendi ya Beatles nimeimaliza pia, karibu masaa 8, na kuna sehemu ni watu wamekaa tu wanavuta sigara wanabishana. Nakushauri uivumilie kwa ajili ya pale Paul anapochezea besi anatafuta kitu hakipo, George anapiga miayo, na taratibu wimbo unajitokeza mbele ya macho yako kutoka hewani. Mtu angekuja kukata kile kipande kiwe sekunde 20 angeharibu kila kitu.

Ya kutunga nimeona moja tu, Sound of Metal, Riz Ahmed ni mpiga drams anayepoteza uwezo wa kusikia. Ukianza kuiona vaa hedifoni, usinibishie kwenye hili, maana sauti inabadilika unasikia anavyosikia yeye, kuna wakati ni mvumo tu kama uko chini ya maji na ukija ule upasuaji ndio unaelewa kwa nini walipata Oscar ya sauti. Mwisho sikuambii.

Haya, anza na Aretha, simu izime, taa zima, usile chochote. Ukimaliza nipigie saa yoyote hata usiku wa manane, na ile ya Bill Withers nakutumia sasa hivi kabla sijalala.

Ni mimi rafikiyo