Barua ya malalamiko: nakala tano zisizo na mwisho

Kikundi cha Wasomaji,
Mkomani,
Lamu.

Kwa Meneja wa Mauzo,
Duka la Vitabu,
Mombasa.

MINT: NAKALA 5 ZA KITABU CHA SABA CHA HARRY POTTER ZILIZOKATWA, NA JIBU LENU KWAMBA "HAYO NI MAONI YA WASOMAJI"

Bwana Meneja,

Salamu kutoka Lamu. Nawaandikia tena, na safari hii kwa urefu, kwa sababu jibu mlilotuletea halikugusa tulichowauliza. Sisi tuliwaambia kwamba nakala 5 kati ya 12 tulizonunua kwenu hazina kurasa za mwisho. Ninyi mkatujibu kwamba wasomaji duniani kote walitofautiana kuhusu mwisho wa Harry Potter, kwamba kila mtu ana ladha yake, na kwamba duka halirudishi pesa eti kwa kuwa mteja hakupendezwa na namna hadithi ilivyomalizika.

Bwana Meneja, hapa hakuna aliyedai pesa kwa kutopendezwa. Tunadai karatasi.

Tuliagiza kwenu nakala 12 za Harry Potter and the Deathly Hallows, kitabu cha saba na cha mwisho cha hadithi ya kijana mchawi Harry, kwa shilingi 1,400 kila moja, zote bei sawa. Tulilipa kwa M-Pesa kabla mzigo haujatoka Mombasa. Ukaja kwa basi hadi Mokowe, ukavushwa kwa boti, na nauli tulilipa sisi. Vitabu sita vya mwanzo tulikuwa tukiazimana, nakala mbili tatu zikizunguka mtaani hadi majalada yakachakaa. Kwa hiki cha mwisho hakuna aliyekubali kungoja zamu, ndiyo maana tukachanga.

Kikundi chetu ni cha watu wa mtaa tu. Yumo mwalimu wa sekondari, yumo mama anayeuza mabuyu na achari, wamo wanafunzi, na yumo mzee mmoja, baharia mstaafu, aliyejifunzia Kiingereza chake melini. Tunakutana barazani baada ya Isha. Kwa kitabu hiki tulijiwekea sharti: aliyemaliza asitamke kilichotokea mpaka wa mwisho wetu afunge kitabu chake. Ruhusa aliyo nayo ni kusema amefurahi au amekasirika, basi. Nalieleza hili kwa sababu kijana wenu wa huduma kwa wateja aliniuliza kwenye simu, kwa kejeli kidogo, iweje tukae na vitabu muda wote ule ndipo tugundue kasoro. Iliwezekana hivyo.

Mzee alikuwa wa kwanza kumaliza. Alikuja barazani akasema hajapata kusoma hadithi ya Wazungu yenye ujasiri kama ile. Baada yake akaja binti wa kidato cha tatu, macho mekundu, akasema mwandishi hana huruma na hatasoma kitabu chake kingine. Siku chache mbele mwalimu naye akamaliza, akasema kitabu kizuri lakini mwisho wake umetiwa sukari kama chai ya harusini. Binti akamuuliza huo utamu ameuona wapi. Mwalimu akamwambia asome vizuri. Nusura wavunjiane heshima.

Tulidhani ni mabishano ya kawaida, maana mabishano ya kweli yalikuwepo tele na hayakuhusu kasoro yenu hata kidogo. Kuna waliochoshwa na sura zile ndefu za katikati, watoto watatu wamejificha hemani, wanahama msitu hadi msitu, wanagombana, hawajui waende wapi. Mzee alizitetea: alisema mtu aliyewahi kukaa baharini bila upepo anajua kwamba kungoja nako ni safari. Kisha kuna habari ya Snape, mwalimu wa Harry katika shule ya uchawi. Sura inayofungua kumbukumbu zake ilimgusa kila mtu, isipokuwa mwalimu. Yeye alishikilia kwamba mtu anaweza kuwa shujaa, akafa kishujaa, na bado akabaki mwalimu mbaya. Kumpenda mama wa mtoto miaka yote hakumpi mtu ruhusa ya kumdhalilisha mtoto huyo darasani. Mama wa mabuyu akamjibu kwamba walimu wote wanasema hivyo kuhusu walimu wengine. Usiku huo hatukulala mapema.

Basi haya ndiyo maoni, Bwana Meneja. Haya tumeyaacha barazani na hatukuwatumia ankara yake.

Kasoro ilijulikana siku wote walipokwisha kusema wamemaliza, sharti likaondoka. Mama wa mabuyu ndiye aliyeanza. Akasema yeye kilichomfurahisha kuliko vyote ni Molly Weasley, mama mtu mzima wa jikoni na kufuma masweta, alivyomvaa Bellatrix peke yake baada ya yule mchawi kumkosakosa bintiye kwa uchawi wa kuua, na alivyomuangusha mbele ya watu wote. Aliisimulia kwa mikono, buibui likipepea.

Mzee akauliza, "Vita gani hivyo?"

Binti naye akauliza. Na wengine watatu. Tukachukua vitabu vyote 12, tukavipanga kwenye jiwe la baraza chini ya taa, mgongo kwa mgongo. Vitano vilikuwa vyembamba. Si kwa kubahatisha, hata mtoto angeona. Nakala kamili zina kurasa 607. Hizi tano zinakatika pale Harry anapoingia msituni peke yake, anasimama mbele ya adui yake, mchawi mwovu Voldemort, bila kuinua fimbo, mwanga wa kijani unamulika, na kila kitu kinatoweka. Hapo sura ya 34 inakwisha kwa nukta, ukurasa unaofuata ni mweupe, kisha jalada. Sentensi imetimia na aya imetimia, kwa hiyo hakuna kitu cha kumshtua msomaji. Tangu kitabu cha tano mtu ameonywa kwamba mmoja kati ya hawa wawili atamuua mwenzake. Anafika hapo, anaona karatasi nyeupe, anaelewa kwamba kijana ameuawa na hadithi imekwisha.

Sasa tazameni mlichowanyima. Hawana sura ya 35, ambamo Harry anazinduka mahali penye ukungu panapofanana na stesheni ya King's Cross, anazungumza na Dumbledore, mkuu wa shule yake aliyekwisha kufa, na anaachiwa achague kurudi au kuendelea mbele. Hawana sura ya 36, na humo ndimo Hagrid anamobeba kijana mikononi akilia, Neville, mwanafunzi mwenzake, anamkata kichwa yule nyoka mkubwa wa Voldemort kwa upanga, Molly anapigana, na Voldemort anauawa na uchawi wake mwenyewe uliomrudia. Hawana ile sehemu ya kufungia, miaka 19 baadaye, ambamo wale watoto wamekuwa wazazi na wanawasindikiza watoto wao kwenye treni ya shule. Mwanafunzi mmoja wa kiume alikuwa amekwisha kutuandikia kwenye daftari la kikundi kwamba Neville ametupwa na mwandishi, kalelewa vitabu saba bila kupewa kazi. Alikuwa na haki ya kusema hivyo kwa kitabu alichouziwa.

Na mwalimu, aliyelalamikia sukari, alikuwa akisema juu ya sehemu ya miaka 19: kila mtu kaoa mwenzake wa shule, watoto wamepewa majina ya marehemu, kovu la Harry halijauma tena. Huo ni ubishi wa zamani. Kitabu kilitoka tarehe 21 Julai 2007, na kwa saa 24 za kwanza ziliuzwa nakala zipatazo milioni 11 Uingereza na Marekani peke yake. Tangu hapo wapo wanaosema sehemu ile ilistahili, kwa kuwa watu waliokua na hadithi hiyo tangu 1997 walihitaji kuona kwamba watoto wale wamepata amani. Na wapo wanaosema bora isingeandikwa. Mmelitaja hilo kwenye jibu lenu kana kwamba linawaokoa. Hao waliogombana mwaka 2007 wote walikuwa na kurasa zilezile mkononi. Wetu walikuwa wanagombania vitabu viwili tofauti vilivyouzwa na duka moja kwa bei moja.

Kuhusu nakala zenyewe, sitazunguka. Tunaamini hizi tano ni za wizi. Ile picha ya jalada imefifia na rangi nyekundu imekuwa ya udongo. Karatasi yake ukiiweka mbele ya taa unasoma maandishi ya upande wa pili. Kurasa nyingi zimepigwa mshazari, na katika moja ya zile za hemani herufi za mwisho za kila mstari zimeliwa ukingoni, hata binti alizijaza kwa penseli kwa kukisia. Mgongo wa kitabu cha mzee ulipasuka gundi alipokifungua mara ya kwanza. Zile saba nyingine hazina hata moja ya kasoro hizi. Kwa hiyo mtu fulani, kwenu au kwa anayewaletea, alichanganya bandia na halali katika katoni moja, na bandia akazitia katikati. Hilo la kuzitia katikati ndilo lililonifanya niandike tena.

Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro ya bidhaa. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 ipo. Na ikiwa nakala hizi ni za wizi kama tunavyoamini, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 nayo inaingia, na haimgusi mpiga chapa peke yake. Inamgusa na muuzaji. Sisemi kwamba mlijua. Nasema mmeshaambiwa mara moja kabla ya barua hii, na mkajibu kwa habari za ladha.

Lipo jambo jingine ambalo naona ni afadhali mlisikie kwangu kuliko mlisikie kwa mtu mwingine mkalifanya hoja. Baada ya kugundua kasoro, wale watano waliazimwa nakala kamili wakamalizia. Binti alifurahi, akasema sasa ameelewa kwa nini watu wanampenda mwandishi huyu. Mwenye daftari alifuta maneno yake kuhusu Neville. Lakini mzee alirudisha kitabu cha watu akasema kile chake kifupi ni bora. Alitukumbusha Liyongo: alichomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe mwenyewe, akafa amepiga goti na uta mkononi, na watu wakaogopa kwenda kuteka maji wakidhani yu hai. "Hakuna aliyetwambia," akasema, "kwamba miaka 19 baadaye Liyongo alimsindikiza mtoto stesheni." Baraza lilicheka, na mwalimu, kwa mara ya kwanza, akawa upande wake. Mama wa mabuyu aliwaambia wote wawili kwamba wanaopenda shujaa afe ni wale ambao hawakumlea.

Hilo lisiwape faraja. Mzee amechagua baada ya kusoma vyote viwili, na nafasi ya kuchagua aliipata kwa kuazima kwa jirani, hakuipata dukani kwenu.

Tunachotaka ni hiki. Tuleteeni nakala zilizokamilika badala ya zile mbovu, na gharama ya mzigo hadi Lamu, basi na boti, iwe yenu. Mzikague kabla ya kuzifunga. Ni kazi ya dakika chache, mtu anafungua mwisho anatazama kama pana ukurasa wa 607. Mtuandikie pia, kwa jina la duka na si kwa ujumbe wa simu, nakala hizo mlizipata kwa nani. Nimeambatisha picha za migongo ya vitabu vyote 12, picha ya ukurasa mweupe baada ya sura ya 34, na risiti ya malipo. Tukikaa wiki mbili bila jibu la maana, malalamiko haya pamoja na picha zake tutayapeleka Bodi ya Hakimiliki ya Kenya.

Nakala mbovu nne zimefungwa kwa karatasi, ziko kwangu, mtu wenu akifika gatini nitamkabidhi. Ya tano haipatikani. Mzee amekataa kuitoa, ameibandika gundi mpya mgongoni na anasema ni yake. Kwa hiyo tuleteeni nakala nne kamili, na kwa hiyo moja mtupigie hesabu upya: mtwambie kitabu kisicho na sura mbili za mwisho na ile ya kufungia kinauzwa shilingi ngapi, kisha salio la 1,400 zake mlirudishe kwa M-Pesa iliyolipa.

Wenu,

Katibu,
kwa niaba ya kikundi cha wasomaji,
Mkomani, Lamu.