Vijana wapime magari mchana kwenye daino, si usiku barabarani

Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wanaosema kwamba vijana wanaopenda magari ni wahuni tu, dawa yao ni kunyang'anywa funguo. Mimi nauza vipuri Kirinyaga Road, tena ni katibu wa klabu ndogo ya wenye magari hapa Nairobi. Vijana hao ni wateja wangu. Mmoja wao nilimchangia mazishi mwaka jana. Alikuwa amefunga tabo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi kwenye injini ili iongeze nguvu) kubwa kuliko ile iliyokuja na gari, akatoka saa nane usiku kwenda kuona nguvu imeongezeka kiasi gani. Hakurudi.

Alichokuwa akitafuta ni jibu ambalo mchana linapatikana kwa nusu saa. Ndiyo maana klabu yetu ilikodi daino kwa Jumamosi nzima katika gereji moja ya Eneo la Viwanda.

Kwa asiyeijua, daino ni mashine ya kupima nguvu ya gari, yenye rola nzito zilizozamishwa sakafuni. Magurudumu hukaa juu ya rola, gari likafungwa kwa mikanda mbele na nyuma, feni kubwa ikapuliza hewa kwenye rejeta, kisha fundi akakanyaga mafuta hadi mwisho, mara nyingi kwenye gia ya nne. Gari hunguruma kama linaukimbilia mteremko wa Naivasha, na halijasogea hata hatua moja. Kompyuta husoma jinsi rola zinavyosukumwa na kuchora mstari wa nguvu kutoka mwendo wa chini wa injini hadi wa juu.

Mara ya kwanza niliipanga vibaya. Niliandikisha magari 20 kwa shilingi 5,000 kila moja, nikakadiria dakika 20 kwa gari. Kumbe kufunga mikanda na kungoja injini ipoe kunakula muda kuliko kupima kwenyewe. Jua lilitua yakiwa yamepimwa 13, nami nikasimama langoni nikiwarudishia saba waliobaki pesa zao kwa M-Pesa. Siku hizi naandikisha 12, na wawili wa akiba. Wenye magari yanayosukumwa na magurudumu yote manne nawauliza mapema, kwa sababu gari la namna hiyo haliwezi kupimwa kwenye daino yenye rola za magurudumu mawili tu bila kuharibu difa, yaani gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu. Kila gari hukaguliwa kabla ya kupanda: oili, maji, boliti za magurudumu, tairi. Baba mmoja aliyetoka Machakos alfajiri nilimkatalia kwa sababu tairi zake za nyuma zilikuwa na nyufa. Alikasirika sana. Akija tena na tairi zile zile nitamkatalia tena.

Kuna huzuni moja ambayo waandaaji wajiandae nayo. Kijana hupanda akijua kitabu cha gari lake kinasema nguvu farasi 150, anashuka na karatasi iliyoandikwa 105. Wa kwetu alikaribia kulia. Ilibidi nimweleze kwamba kitabu hupima kwenye injini, ilhali rola hupima kwenye magurudumu, baada ya gia boksi na shafti kula sehemu yao. Isitoshe, Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza karibu sehemu moja ya sita ya nguvu iliyo nayo Mombasa. Gari lake lilikuwa zima kabisa. Mashine inaweza kurekebisha namba hiyo kwa hesabu za hewa ya pwani, lakini mwandaaji aamue tangu asubuhi namba ipi itaandikwa, na iwe hiyo hiyo kwa wote.

Lakini lililonifanya nishike kalamu ni Subaru Impreza moja ya samawati, yenye tabo. Fundi aliingiza kifaa kwenye ekzosi cha kusoma mchanganyiko wa hewa na petroli. Gari la tabo likikanyagwa hadi mwisho linahitaji sehemu 11 au 12 za hewa kwa moja ya petroli, kwa kuwa petroli ya ziada ndiyo inayopoza ndani. Nilikuwa nimesimama nyuma ya fundi, macho kwenye skrini. Namba ilianza 11.6. Ikapanda 12.4, yaani petroli inapungua, ikafika 13, na ilipogusa 13.5 fundi aliinua mguu kabla sijafungua mdomo. Pampu ya petroli ilikuwa imechoka, haikuweza kuilisha injini ile. Mwenyewe hakuwa amehisi lolote. Usiku ule ule alikuwa amepanga kushindana na rafiki yake kwenye barabara ya Southern Bypass, na huko angejua tu pistoni ilipotoboka, akiwa kwenye mwendo ambao sitaki kuufikiria. Alikunja ile karatasi mara nne akaiweka mfuko wa shati, akaenda nyumbani polepole.

Kwa hiyo nawaomba wenye gereji zenye daino watutengee Jumamosi moja kila mwezi, kwa bei ya kikundi. Klabu nyingine nazo ziache kumpa zawadi mwenye namba kubwa, kwa sababu zawadi hiyo huwafanya vijana waongeze msukumo wa tabo usiku wa kuamkia siku yenyewe. Na wazazi waje. Tunaweka viti mbali na rola, mbele na nyuma ya gari hapasimami mtu.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao nimeacha nafasi mbili bila malipo kwa vijana wasio wanachama. Waje na tairi nzima na petroli zaidi ya nusu tangi. Tunaanza saa mbili asubuhi.

Katibu wa klabu ya magari,
Nairobi